Nilivyompeleka Nyokabi kwa Mizani

Mwaka wa safari hii hamwezi kuusahau. Ni huu ambao unga ulipanda bei na Dundori nzima tukala viazi. Asubuhi viazi na chai, mchana viazi na kabeji, jioni viazi na viazi vingine. Watoto wakiombea chakula walikuwa wanafungua jicho moja kuona kama Mungu amebadilisha sahani.

Nyinyi wenzangu wa foleni ya maziwa mmenisumbua: "Cucu wa Nyokabi, hebu tuambie, ilikuwaje huko Molo?" Na kila nikianza, gari la maziwa linafika nikiwa bado Gilgil. Sasa nimeandika kwa daftari. Niliishia darasa la nne, kwa hivyo atakayecheka mwandiko wangu nitamnyima mbegu ya viazi.

Nyokabi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu ana meno mawili. Nyinyi mnaniita Cucu, yeye huniita Shosho, na yote ni nyanya. Akiwa na miaka kumi na nne alianza ndondi Nakuru, kwa jimu ya kocha Barasa iliyo nyuma ya gereji, na alipofika kumi na saba hakukuwa na msichana wa kusimama mbele yake. Wavulana nao, wakisikia ni zamu yao na Nyokabi, walikuwa wanashikwa na homa wote pamoja. Kocha aliniambia, "Cucu, nimefundisha watoto kumi wenye mikono kama ya huyu. Leo wote wako kwa bodaboda na kwa machimbo ya mawe. Huyu usiniharibie."

Nami nikamharibu. Mwaka jana, siku ya kuchagua timu ya taifa, nilimpikia mukimo, viazi vya kuponda na mahindi. Sahani moja na nyingine ya kuongeza. Kwani nani hutoa mtoto nyumbani akapigane na tumbo tupu? Sikujua kwamba bondia hupimwa kama kiazi. Nyokabi alikuwa apigane kwa kilo hamsini na nne. Akapanda mizani, nusu kilo zaidi, wakamrudisha hata glavu hajavaa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Sawa, Shosho." Huyo mtoto ukimwambia nyumba inaungua atakujibu sawa. Wiki iliyofuata akaenda Karagita, kule Naivasha, kukata maua kwa shamba la watu, glavu akaziacha kwa kibanda, na kuku wangu akaanza kutaga ndani ya moja.

Basi Jumatano kocha akanipigia. Jumamosi wanachagua timu tena, Molo, na kupima uzito kunafungwa saa nne asubuhi. Nyokabi alikuwa amekataa kupokea simu za kocha.

"Cucu, ana miaka ishirini," akasema. "Akikosa hii sitampata tena."

Nikaenda kumtoa kuku kwa glavu.

Dundori mpaka Karagita

Ndegwa mnamjua, yule hununua viazi vyetu kwa lori. Alhamisi alikuwa anapeleka mzigo Naivasha, kisha Jumamosi afuate mwingine Molo. Nikamwambia anihesabu kama gunia moja zaidi.

Tulitoka asubuhi na tukafika alasiri, kwa sababu Ndegwa ni mtu wa kusimama. Alisimama Lanet kusalimia mtu, alisimama Gilgil kubadilisha gurudumu, akasimama mahali pengine pasipo na jina kuangalia pundamilia waliokuwa wanakula majani kando ya barabara kama mbuzi wa mtu. Njia yote ananiambia ndondi si kazi ya msichana.

"Akipigwa pua, nani atamuoa?"

"Ndegwa," nikamwambia, "wewe pua yako haijapigwa na ulikaa bila bibi mpaka ukaota mvi."

Kutoka hapo tukaenda vizuri.

Kwa geti la maua

Nilimkuta askari wa geti, kijana mpole.

"Unatafuta nani, mathe?"

"Nyokabi. Mrefu, mabega kama mlango."

Akavua kofia. "Pole sana, mathe. Ameambiwa sasa hivi. Amelia mpaka wakamkalisha chini."

"Ameambiwa nini?"

"Ule msiba. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Cucu yake."

"Cucu yake ni mimi."

Akafikiria. "Basi ni yule wa upande wa baba."

"Wa upande wa baba alikufa kabla Nyokabi hajazaliwa."

Tukatazamana. Nawaambia ukweli, nilijigusa mkono.

Kumbe uongo huo ulikuwa wa Atieno. Atieno ni msichana wa kutoka upande wa Kisumu, wanakaa na Nyokabi chumba kimoja. Kocha alimfikia kwa simu, na yeye akaona mwenzake hawezi kupewa ruhusa ya kwenda ndondi, lakini matanga hakuna mdosi wa kazini wa kuyakataa. Akamwambia supavaiza kwamba cucu wa Nyokabi ameaga. Mpango wake ulikuwa amnong'onezee Nyokabi wakati wa chai ya saa kumi. Shida ni kwamba yule supavaiza ana roho nzuri. Hakungoja chai. Aliingia moja kwa moja kati ya maua na kumpa Nyokabi pole.

Nikamwona anatoka, ameshikwa na wanawake wawili, aproni imelowa machozi. Akainua kichwa akaniona nimesimama kwa geti na kikapu.

Wueh! Ule mlio hata ndege wa ziwani waliusikia. Alikuja mbio, askari akaruka kando, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Kisha akaniachilia na kunipiga ngumi ya bega.

"Shosho, nimekulilia!"

Bega liliwaka moto, na nikafurahi sana, kwa sababu nilijua ule mkono bado uko.

"Mimi nimeshafufuka," nikamwambia. "Sasa ni zamu yako." Nikatoa glavu kwa kikapu.

Akanusa moja. "Inanuka kuku."

"Ni ya kuku siku hizi. Mnyang'anye."

Alikaa nayo kifuani muda mrefu. Atieno alikuwa amejificha nyuma ya askari, akatoa kichwa kidogo: "Manze, Kabi, enda tu. Si nimeshaua mtu kwa ajili yako?" Nyokabi akacheka na makamasi yote. Supavaiza naye akaja, akaniangalia juu mpaka chini, akashusha pumzi.

"Mimi nimeshaandika siku tatu za matanga," akasema. "Siwezi kufuta kitabu. Nendeni mkazike."

Usiku huo tulilala watatu kwa kitanda kimoja. Mizani hatukuwa nayo. Nyokabi alijishika tumbo akasema amepita kidogo, labda kilo moja. Kwa hivyo kutoka hapo ni maji kidogo na hakuna kula.

Gilgil, kwa Wangari

Ijumaa, tukirudi na Ndegwa, lori lilikufa karibu na Gilgil. Ndegwa aliliacha liserereke mpaka kando, akaingia chini yake, na sauti yake ikatoka huko: "Mpaka kesho." Kwa bahati, dada yangu mdogo Wangari anakaa hapo karibu.

Nilisema bahati? Hakuna mtu ameingia kwa Wangari akatoka bila kula. Fundi wa stima alikula. Mtu wa kuuza dawa ya panya alikula. Tulipofika kuku alikuwa ameshachinjwa, na Wangari akatoa kitu kutoka chini ya kitanda kama anatoa dhahabu: unga wa ngano.

"Chapati!" akasema.

Mwaka huu wote sikuwa nimeona chapati. Nyokabi alifumba macho.

"Hali," nikasema. "Atapimwa kesho."

"Hali nini? Chapati yangu?"

"Hali chochote."

"Umeingia dhehebu gani wewe? Mtoto anakonda mbele yangu na wewe unashikilia kikapu! Angalia hayo macho. Hayo ni macho ya mtu ametoka hospitali."

"Ni sawa, Cucu," Nyokabi akamwambia, na kumeza mate.

Dada yangu akaanza kulia. Mnajua Wangari akilia ni mvua ya Aprili, haina dalili ya kuisha. Ndipo nikakumbuka mizani. Ndegwa ana ile ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa saa, ile hutupimia nayo viazi. Nikaenda kwa lori, nikaichukua bila kumsumbua mwenye kulala chini ya gari, na tukaifunga kwa boriti ya zizi la ng'ombe. Nyokabi akashika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti.

Sindano ikatetemeka na kusimama hamsini na mbili na nusu.

"Soma tena!" Wangari akapiga kelele.

Nikasoma tena. Hamsini na mbili na nusu! Kilo moja na nusu ya ruhusa! Tulicheza pale kwa zizi, sisi watatu, ng'ombe anatushangaa. Kisha tukaingia ndani na mtoto akala. Alikula paja, alikula chapati tatu, alikunywa supu bakuli mbili, na mimi mwenyewe nikamwongezea ya tatu kwa mkono wangu.

Kupanda Sachangwan

Jumamosi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, lori limepona. Tulipita Nakuru jua likitoka. Nyokabi alikuwa amesinzia, nami nikaanza kumringia Ndegwa jinsi mtoto alivyo mwepesi.

Ndegwa akapunguza mwendo, akanitazama kwa upande.

"Cucu," akasema, "mlimpima na ile ya ndoano?"

"Ndiyo."

"Ile ni ya kununulia."

"Kwani kuna ingine?"

"Ile ya kuuzia iko chini ya kiti."

Wenzangu, mmesoma mpaka hapo na mmeshaelewa, kwa sababu nyinyi pia mmemuuzia. Miaka sita tumekuwa tukishangaa viazi vyetu vina upepo ndani. Na mimi, mkulima, nimeshinda nikilia juu ya hiyo mizani, ndiyo nilimning'iniza mtoto wangu nayo na nikacheza!

"Ndegwa, inaficha kilo ngapi?"

"Inategemea gunia..."

"Kwa mtoto wangu!"

"Kama mbili hivi."

"Leta ile ya kuuzia."

"Hiyo nayo inaongeza."

Lori zima halikuwa na kilo moja ya ukweli. Nilitaka kumpiga na kikapu, lakini ndiye alikuwa ameshika usukani. Nikamwambia, "Ukitufikisha kabla ya saa nne, mimi na wewe tutaongea kwa upole. Usipotufikisha, nitaongea kanisani." Hapo ndipo nilijua lile lori linaweza kukimbia.

Nyokabi aliamka akasikia yote. Nilidhani atasema sawa. Badala yake akaniangalia, akasema polepole, "Shosho. Umenilisha tena." Na akaanza kuvaa nguo za kumtoa jasho. Akavaa sweta yake, sweta yangu, jaketi ya Ndegwa, na juu yake gunia la nailoni tulilotoboa shimo la kichwa. Tulipoanza kupanda mlima wa Sachangwan, pale lori lenyewe hutembea kama mzee, akaruka chini na kukimbia nyuma yetu.

Ukungu ulikuwa mwingi. Nilitoa kichwa nje ya dirisha ili asife moyo. "Kimbia! Usisimame! Kimbia!"

Sasa watu wa Sachangwan wakisikia mtu anapiga kelele ya kimbia kutoka kwa lori, hawaulizi swali. Wana sababu yao, lile lori la mafuta lililolipuka na kuua watu wao, na hiyo sababu siichekei. Nikaona akina mama wa mboga wanainuka kwa ukungu, wa bodaboda wanaacha pikipiki, na wote wanakimbia kupanda mlima, Nyokabi katikati na gunia lake.

"Tunakimbia nini?" mama mmoja akamwuliza, anahema.

"Chapati," Nyokabi akasema.

Wakasimama wote. Ndegwa naye akasimamisha lori, na ikabidi nishuke nieleze. Nilieleza kila kitu, mukimo, geti, mizani. Yule mama alishika kiuno.

"Yaani nimeacha karoti zangu kwa barabara kwa sababu ya mandondi ya watoto?"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe. Amebakisha ngapi?"

"Hatujui."

"Basi mbona amesimama? We msichana! Kimbia!"

Na wa bodaboda mmoja akaenda naye mpaka juu kabisa, akimpigia honi kila akipunguza.

Molo, kwa mizani ya ukweli

Tulifika saa tatu na nusu. Kocha Barasa alikuwa mlangoni mwa ukumbi, amekunja kofia mpaka imekuwa kitambaa. Alimvuta Nyokabi ndani na mimi nikaingia nyuma, hakuna aliyethubutu kunizuia. Nyokabi akavua yote, akabaki na nguo za ndani. Akapanda.

"Hamsini na nne na gramu mia mbili," msichana wa kuandika akasema.

"Gramu mia mbili ni nini?" nikamwuliza kocha.

"Kiazi kimoja, Cucu."

Kiazi kimoja! Tulipewa mpaka saa nne. Nyokabi aliruka kamba, lakini jasho lilikuwa limeisha Sachangwan. Alijaribu kutema mate, mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi. Akakaa kwa nyasi nje ya ukumbi, na nikaona ule uso wa mwaka jana unarudi.

Kulikuwa na mwanamke amesimama karibu, mrefu, na thamosi ya chai. Nilijua ni nani, kocha alikuwa amenionyesha. Alikuwa mama wa Chebet, yule msichana ambaye Nyokabi angepigana naye. Chebet alikuwa ameshapimwa, yuko sawa. Mama yake aliangalia, akanywa chai, akaangalia tena.

"Na hizo nywele?" akasema.

Sote tukaangalia nywele. Atieno alikuwa amemsuka rasta mpaka kiunoni, nyuzi za kuongezea, nene, za rangi mbili. Na zilikuwa zimelowa jasho.

"Dakika ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na mbili," kocha akasema.

Nilipiga nduru. Wakaja: mama za mabondia wengine, wauza mayai, mwalimu mmoja, na hata yule msichana wa kuandika alitoka kidogo. Tulimzunguka Nyokabi kama kuku kwa mahindi. Mmoja na makasi anakata, wengine wanafumua, mimi natumia meno. Mikono ya haraka kuliko yote ilikuwa ya Mama Chebet.

"Mbona unatusaidia?" nikamwuliza, uzi uko mdomoni.

"Sitaki wangu ashinde kwa nywele za mtu," akasema. "Inamisha kichwa, msichana. Ukienda kupigwa na Chebet, upigwe ukiwa mwepesi."

"Atakayepigwa tutamwona," nikasema.

"Tutamwona," akasema, na sote tukaangua kicheko, mpaka Nyokabi akatuambia tufumue kwanza.

Alirudi kwa mizani zikibaki dakika tatu, nywele zimesimama pande zote kama amepigwa na stima. Akapanda. Nilifumba macho. Nikasikia yule msichana wa kuandika: "Hamsini na nne kamili."

Sijui nilimkumbatia nani. Baadaye waliniambia ni mlinzi wa ukumbi.

Ulingoni

Nyokabi yuko kambini na timu, Nairobi, sasa, mnajua, alinipigia jana akasema wanakula wali. Kwa hivyo hamna haja ya kuogopa mnapoendelea kusoma. Lakini nusura iwe vingine, na si kwa sababu ya ngumi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Chebet. Yule mtoto ana miguu ya sungura. Nyokabi alikuwa anapiga mahali Chebet alikuwa, si mahali alipo. Raundi ya pili akaanza kungoja, anangoja, anangoja, halafu ule mkono wa kulia, tap! Ukumbi ulisema "Ooo" kwa pamoja. Raundi ya tatu sikukaa kwa kiti hata kidogo. Nilikuwa nimesimama juu yake, Mama Chebet ameshika sketi yangu nisianguke, na kila mmoja wetu anapigia kelele wake. Refa akainua mkono wa Nyokabi. Majaji wote watatu walimpa yeye.

Nililia, ndiyo. Andikeni.

Ndipo mzee wa kamati ya kuchagua timu akaja, mwenye tai na faili. Akatuita kando: mimi, Nyokabi, kocha, na Chebet na mama yake. Aliongea vizuri, kwa upole. Akasema Nyokabi ni mzuri sana, wanampenda. Lakini Chebet amesafiri na timu mara mbili, pasipoti yake iko tayari, anajua mambo ya huko nje. Kwa hivyo wameonelea safari hii aende Chebet, na Nyokabi angoje mwaka ujao.

Kocha aliangalia chini. Nikamwona akiwahesabu kichwani wale watoto wake kumi. Nyokabi, mdomo umevimba, akaanza, "Sa..."

Nikamkanyaga mguu.

"Hangoji," nikasema. "Amengoja ya kutosha."

"Cucu, mambo ya timu yana utaratibu wake."

Mzee akamgeukia Mama Chebet, nadhani alitaka msaada. Mama Chebet bado alikuwa na nyuzi za nywele kwa sweta yake.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema. "Chebet, umepigwa au hujapigwa?"

Chebet alikuwa ameshika barafu kwa jicho. "Nimepigwa, Mama."

"Basi. Mwenye kupiga aende."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai. Akainama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akaniambia mwaka mmoja si mwingi, kwamba mtoto bado ni mdogo, kwamba nirudi nyumbani nikafikirie, na Jumatatu tuongee kwa simu kama watu wazima.

Nyokabi alinishika mkono, glavu bado iko.

"Hangoji," nikasema. "Amengoja ya kutosha."